Metro ya Dubai ukiwa na mzazi wa kiti cha magurudumu: uzoefu wangu

Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu apate kiharusi, lakini duka la nguo Mombasa ni lake na hataki kuchaguliwa mali ya dukani na mtu. Kwa hiyo Dubai tulienda wote. Teksi zilipoanza kutumalizia pesa, tukahamia Metro.

Treni hizi hazina dereva tangu zianze kazi Septemba 2009. Mama alipoona pale mbele ni kioo kitupu na watu wanapiga picha, akanishika mkono: "Sasa hii yaendeshwa na nani, mwanangu?" Nikamweleza kuna watu wanaifuatilia kutoka chumba cha udhibiti, na ndani ya behewa kuna kitufe cha kuzungumza nao. Wapi! Hakuridhika.

Kilichomtuliza ni mlango. Ukingo wa jukwaa umezibwa na ukuta wa kioo, na milango yake hufunguka treni ikishasimama sawasawa mbele yake. Hata watu wasukumane vipi, hakuna wa kutumbukia relini. Tena sakafu ya treni na ya jukwaa ziko sawa: yale magurudumu madogo ya mbele, ambayo kwetu hukwama hata kwenye ufa wa saruji, yalipita bila mimi kuinua kiti. Matatu humtaka makanga ambebe na mimi nikunje kiti mbio mbio huku dereva akipiga honi.

Lifti zipo, na sakafuni kuna vigae vya vinundu vya kumwongoza asiyeona. Hata kubadilisha treni pale Union, kutoka laini nyekundu kwenda ya kijani ya Deira, mtaa wa masoko, hatukugusa ngazi.

Shida ni abiria wenzetu. Jioni watu wakitoka kazini, lifti hujaa vijana wazima, na kwenye nafasi ya kiti cha magurudumu wamesimama watu wenye macho kwenye simu. Hakuna kondakta wa kuwaambia "sogeeni", na mlango hauna huruma. Mwenye sauti kama ya Mama hufaulu, mpole ataumia. Sisi tulikuwa tunatoka saa nne asubuhi na kupanda behewa la wanawake na watoto. Mwanamume akiingia humo anapigwa faini ya dirhamu 100.

Nauli kwa kadi ya kawaida ya Nol, ile ya kulipia usafiri, ni dirhamu 3 hadi 7.5. Mizigo ni sanduku moja kubwa na moja dogo kwa mtu, kwa hiyo marobota ya Deira yapeleke kwa wasafirishaji wa kago moja kwa moja.