Kipimo cha USB cha kupimia chaji na betri ya simu: kipi kitangulie

Usichague kipimo cha USB, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na simu, kwa uzuri wa skrini. Kama unataka kujua iwapo chaja inatoa inachodai na betri ya simu imebakiwa na nguvu kiasi gani, uliza mambo mawili tu. Je, kinahesabu saa-wati, yaani Wh, kipimo cha nishati? Je, kinapitisha mawasiliano kati ya chaja na simu bila kuyakata?

La kwanza ndilo wanunuzi wengi hulipuuza. Betri ya simu iliyoandikwa 5000 mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha chaji), yenye volti 3.85, imebeba takriban 19.25 Wh. Ukiichaji kwa volti 5, hata pasipopotea umeme wowote, kipimo kitasoma 3850 mAh. Kwa volti 9 kitasoma kama 2140. Betri ni ileile! Chaja ya haraka nayo hubadilisha volti katikati ya kazi, kwa hiyo mAh za kwenye skrini huwa mchanganyiko usioeleweka. Wh haziyumbishwi na volti.

La pili linahusu Type-C. Humo chaja na simu hukubaliana volti kupitia njia iitwayo CC. Kipimo kisichoipitisha huishia kuchaji simu kwa volti 5 tu, au kutochaji kabisa, na wewe utadhani chaja ndiyo mbovu.

Kwa mizani hiyo, nafasi ya kwanza naipa FNIRSI FNB58. Ina matundu ya USB-A na Type-C, inasoma volti 4 hadi 28 na ampea hadi 7, na inaonyesha chaja na simu zimekubaliana mfumo gani wa chaji ya haraka. Watu wengi bado wana chaja za zamani pamoja na mpya, na hapa zote zinapimika. Tahadhari moja, na naisema kwa uzito: ina sehemu ya kuiamuru chaja itoe volti fulani, kwa mfano 20. Usiiguse sehemu hiyo simu ikiwa imechomekwa. Simu isiyotarajia volti hizo inaweza kuungua.

Ya pili ni RuiDeng TC66C. Ni ndogo, ina Bluetooth ya kutuma vipimo kwenye simu, na ni ya Type-C peke yake. Kama nyumbani hakuna tena USB-A, ipandishe iwe ya kwanza.

Inafuata RuiDeng UM25C, ya siku nyingi kidogo lakini ya kuaminika: volti 4 hadi 24, ampea 5, Wh zimo, na inahifadhi makundi kumi ya vipimo. Kwa kupima pawabenki sioni kasoro kubwa.

POWER-Z KM003C nimeiweka ya nne ingawa kwa uwezo inazizidi zote: volti 50, ampea 6, na inamudu USB PD 3.1, kiwango cha chaji ya haraka ya Type-C cha mwaka 2021 kinachofika volti 48 na wati 240. Wati hizo ni za kompyuta mpakato. Anayepima simu peke yake atalipia uwezo asioutumia.

Mwisho kabisa ni vile vidude vinavyoonyesha volti na ampea tu, pamoja na waya zenye namba inayowaka kichwani. Havihesabu Wh, basi betri havipimi. Vinafaa kulinganisha waya: chaja ileile, simu ileile yenye chaji kidogo, unabadilisha waya na kutazama ampea. Waya wenye ukinzani wa omu 0.25 ukipitisha ampea 2 hupoteza nusu volti njiani, na simu hupunguza umeme inaouvuta.

Kupima betri ya simu kunahitaji subira. Iache ishuke karibu na sifuri, izime, futa hesabu ya kipimo, kisha chaji mpaka mkondo ukaribie kukoma. Sehemu ya umeme huishia kuwa joto, kwa hiyo Wh utakazosoma zitazidi zilizoingia kwenye betri. Ndiyo maana napenda simu ipimwe ikiwa mpya, namba iandikwe, na mwakani ipimwe tena kwa chaja hiyohiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uchakavu.

Pawabenki hupimwa ikitoa. Ya 10000 mAh kwa volti 3.7 ina 37 Wh. Ikikupa 31 hadi 33, ni nzima. Ikikomea 20, seli zimechoka au maandishi yake ni ya uongo. Ipe kazi ya kutosha, kwa sababu nyingi hujizima mzigo ukiwa mdogo sana.

Kipimo ukikipokea, kijaribu siku hiyohiyo. Chomeka chaja ya haraka na simu iliyo chini ya nusu, utazame kama chaji ya haraka inaanza. Kwa simu nyingi volti hupanda kutoka 5 kuelekea 9. Simu ikiandika chaji ya haraka bila kipimo, lakini ikaacha kuandika kipimo kikiwa katikati, kirudishe kwa muuzaji kabla muda wa kurudisha haujapita.