Nimemlipa mhariri wa mazungumzo tu, elfu 60 imeendaje

Watu wananiuliza sana kwenye grupu kuhusu yule mhariri niliyemlipa, basi naandika hapa mara moja nisije nikarudia kwa kila mtu. Jina simtaji maana kuna mahali nitamsema vibaya na sijamwomba ruhusa. Ni dada yuko Dar, kazi yake ni mazungumzo peke yake, yani hagusi mkasa wala hakurekebishii hadithi nzima, anaingia pale watu wanapofungua midomo basi. Nilimpa sehemu 6 za hadithi yangu, ya 12 mpaka ya 17, kama maneno elfu 9 hivi, bei 60,000, nusu nikatuma M-Pesa siku ya kwanza na nusu baada ya kupokea kazi.

Kilichonipeleka kwake ni msomaji mmoja. Hadithi yangu naposti Jumanne na Ijumaa, sehemu 10 bure, kuanzia ya 11 unalipia 500. Kufika ya 11 watu wakapukutika, nikajua ni 500 imewashinda, kumbe mmoja akanifuata inboksi akaniambia dada hadithi tamu lakini watu wako wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari ya saa mbili. Iliniuma jamani. Nikajifungia chumbani nikasoma sehemu ya 12 kwa sauti, na wallahi alikuwa kweli tupu.

Nawawekea kipande chenyewe muone, mama mkwe na mkwewe, nyumba ya Ngamiani hapa Tanga, jioni. Mimi niliandika hivi:

"Zaina, mke wa mwanangu Rashidi, kwa nini umechelewa kurudi nyumbani leo ilhali unajua kwamba mumeo amesafiri kwenda Mombasa tangu Jumatatu?" alifoka Bi Mwanaidi kwa hasira.
"Samahani mama mkwe, nimechelewa kwa sababu foleni ya hospitali ilikuwa ndefu sana," alijitetea Zaina kwa woga.

Kilivyorudi kutoka kwake:

"Chai ishapoa."
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Nasema chai ishapoa."
"Hospitali palijaa."
"Hospitali." Bi Mwanaidi akaokota chuya ungoni, akaitupa. "Na hiyo kanga umeibadilishia huko huko hospitali?"

Nilivyosoma hapo nikacheka peke yangu kama chizi. Maana hakuna aliyefoka na bado unaona kabisa Zaina kashikwa pabaya. Na hiyo kanga mimi sikuiandika popote, yeye ndo aliniuliza kwenye simu, "kwani huyu Bi Mwanaidi ana ushahidi gani?" nikasema hana, akasema basi mpe mmoja.

Kwenye faili alikuwa kaweka alama pembeni lakini mambo ya maana yote yalikuwa kwenye voisi, 7 zimekuja, nyingine dakika 11, anasoma mstari wangu, ananyamaza, kisha anauliza "nani anaongea hivi?" Ukisikia maneno yako kwa mdomo wa mtu mwingine unaona aibu yote. Alilonipiga nalo zaidi ni kwamba Bi Mwanaidi anamwambia Zaina mambo ambayo Zaina anayajua tayari. Zaina anajua yeye ni mke wa Rashidi, anajua mumewe yuko Mombasa, sasa anaambiwa ya nini? Ni mimi niliyekuwa namweleza msomaji kwa mgongo wa Bi Mwanaidi. Hilo la safari ya Rashidi alilisogeza mbele kidogo, akalitia kwenye mdomo wa mchuuzi wa samaki kutoka soko la Deep Sea anayepita kuulizia deni lake, "shemeji karudi?" tu, ikatosha.

Alafu salamu. Hapa ndo nikaona huyu mtu kasoma hadithi za kwetu kwelikweli. Mimi kila watu wangu wakikutana naanza shikamoo marahaba, habari za nyumbani, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, nusu ya skrini imeisha na hakuna kilichotokea. Nikamuuliza nizifute? Akakataa, akasema ukizifuta zote msomaji wako atamwona Zaina hana adabu, kaingia kwa mama mkwe kimyakimya. Kwa hiyo salamu ya kawaida unaimaliza kwa neno moja, "wakasalimiana", maisha yanaendelea. Ile yenye kasoro ndo unaiandika mdomoni. Shikamoo iliyochelewa, marahaba iliyotoka bila mtu kuinua macho, mdogo anayemwambia mkubwa "mambo". Ukirudi pale juu utaona Zaina katoa shikamoo baada ya kupigwa na chai, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hiyo ina maana gani.

Kingine ni "akasema". Nilikuwa najiona fundi wa kubadilisha, alifoka, alimaka, aling'aka, alibwata, alidakia, akaniambia ukurasa wako una kelele kama stendi. Ila hakunifutia zote hovyo, maana Kiswahili chetu "akasema" haikuambii ni mwanamke au mwanaume. Wakiwa wawili, mume na mke, ukaandika akasema akasema akasema, mistari minne tu msomaji kapotea. Dawa yake yeye ni majina ya kuitana. Bi Mwanaidi akiwa sawa na Zaina anamwita mwanangu, akikasirika anamwita "wewe bibi". Mchuuzi kila mtu kwake shemeji. Mwalimu Hoza ndo pekee anayesema "nimekwisha kuona" kwa kirefu, wengine wote "nishaona". Akanipa zoezi, ziba majina kwa kidole soma mistari mitupu, kama hujui nani anaongea basi hao ni mtu mmoja umemvalisha nguo tofauti. Nilivyoziba mimi, watu wangu 6 walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mwalimu wangu wa Kiswahili wa form two.

Haya sasa tuje kwenye maumivu. Aliahidi siku 14, kazi imefika siku ya 23, na katikati hapo nikimtumia meseji naona tiki mbili kimya, alafu usiku wa manane inakuja "umeme dia". Sawa umeme, tunaujua wote, lakini mimi nina watu wameshalipa 500 wanasubiri, nikabidi niwarushie sehemu ya 12 ya zamani, ile ya taarifa ya habari. Faili nalo alama za mtajo nusu kaweka mbili mbili, nusu moja moja, na sehemu ya 15 yote kaweka vistari mwanzo wa mstari, sasa ukiposti kwenye grupu kistari na nafasi vinageuka nukta kama orodha ya vitu vya kununua sokoni, Bi Mwanaidi anagombana na mkwewe kwa nukta nukta. Nimekaa kurekebisha mkono kwa mkono saa nzima.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba ana mkasi mkali mno. Akishaanza kukata hajui kuacha, kufika sehemu ya 16 kila mtu kawa bingwa wa mafumbo, wanajibizana maneno matatu matatu kama wanalipia vocha kwa kila neno. Mchuuzi wangu ni mropokaji, ndo sifa yake, ni yule mtu ukimuuliza bei ya changu anakuanzia na upepo wa kusi, injini ya boti, na mtoto wa dada yake anayeumwa tumbo. Kamkata akabaki "elfu nane shemeji". Nikamwambia hapana, huyu muache aongee mpaka aboe, Zaina ndo anatakiwa awe na haraka pale, anataka kukimbia kabla mama mkwe hajatoka. Hapo alikubali na akarudisha, tena kwa ustaarabu, akasema nimekuelewa. Na nikagundua ukimwachia mmoja aongee sana na mwingine ajibu kidogo, ugomvi unajitengeneza wenyewe, hilo hakunifundisha yeye, limetokana na kubishana naye.

Tulipogombana kweli ni mjomba wa Rashidi. Mtu wa Mombasa, kazaliwa Old Town, mimi nimemwandika anasema "yuwaja" na "mato" na "ndoo hapa". Dada kageuza yote, anakuja, macho, njoo, na juu yake kamwongezea "noma sana". Mzee wa miaka 70 wa Mombasa aseme noma sana! Anadai msomaji wa Mwanza hatoelewa. Nikamjibu msomaji wa Mwanza akiona mtu kanyoosha mkono anasema "ndoo hapa" ataelewa tu au atajua huyu si mtu wa huku, ambavyo ndo nataka. Tumesuluhisha kwa kubakiza yuwaja na ndoo, mato nimeitoa mwenyewe kwa roho safi maana ilikuwa imejaa mpaka kero. Ila nyie mnaoandika watu wa pwani, wa Pemba, wa Lamu, wa Lubumbashi, mwambieni kabla hamjamtumia hata shilingi kwamba lahaja haiguswi, sikio lake ni la Dar tu.

Kwa asiye na elfu 60 kuna kitu cha bure nilikitumia wakati namsubiri hizo siku 23. Kivinjari cha Edge kwenye kompyuta kina sehemu ya kusoma kwa sauti, na Kiswahili kipo, sauti za Tanzania wanaitwa Rehema na Daudi, za Kenya Zuri na Rafiki. Unahifadhi sehemu yako kama pdf, unaifungua humo, unamchagua Rehema unasikiliza huku unaosha vyombo. Hakuigizii, na kwa kazi hii ndo uzuri wake, mstari ukiwa mbovu hakuna sauti ya kuuokoa, unausikia ulivyo. Ila hakuulizi "Bi Mwanaidi ana ushahidi gani?", hiyo lazima upate mtu.

Mimi nampa 7 kwa 10. Nimerudi kwake tena ila nimeomba voisi tu bila faili, kakubali 25,000 kwa sehemu 6, na tarehe nimeandikiwa kabisa. Anayetaka namba anifuate inboksi nimuulize kwanza kama anapokea watu.

Jana nimemweka Rehema anisomee sehemu ya 12 iliyosafishwa, mama yangu anapita na ndoo ya maji, kasimama mlangoni kasikiliza mpaka kwenye kanga. Akaniuliza, "huyo mkwe kaibadilisha kweli au anasingiziwa?" Nikamwambia Ijumaa, 500.