Magnetron badala ya platini: tathmini ya kifaa kwenye injini kuukuu

Injini yangu ya Briggs & Stratton, ambayo ni ya kabla ya mwaka 1982, kampuni hiyo ilipoanza kutumia kifaa cha cheche cha kielektroniki kiitwacho Magnetron, ilinilazimu kila msimu ning'oe flaiwili (gurudumu zito la injini) na kusugua kwa msasa platini, yaani ncha za chuma zinazofunga na kukata umeme wa koili ili cheche itoke, kwa kuwa unyevu na kutu vilikuwa vikizima cheche. Magnetron, ambayo ni koili na swichi ya kielektroniki katika umbo moja, hufungwa kwa skrubu mbili mahali pa koili ya zamani, wala haihitaji betri, kwani sumaku iliyomo kwenye flaiwili ndiyo inayoizalishia umeme. Nafasi baina ya koili na sumaku, takribani milimita 0.3, niliipima kwa kadi ya karatasi ngumu. Ingetosha kuukata waya wa platini na kuziacha humo humo. Mimi niliziondoa, na kwa uzembe wangu sikuliziba tundu la kipini kilichokuwa kikizisukuma, oili ikavuja, nikafungua upya. Sasa injini huwaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili wa kamba, hata asubuhi ya baridi, na bei ya kifaa siijutii.