Milioni moja na nusu, laptopu ya gemu na skrubu moja ndogo

Nilidunduliza miezi kumi na moja nikafikisha 1,500,000. Mimi ni mwalimu wa chekechea, naishi Kimara, na jioni nikimaliza kazi zangu nacheza mpira wa kwenye kompyuta na mdogo wangu. Laptopu yetu ya zamani ilikuwa imefika mahali gemu yetu ya mpira, EA FC 24, haifunguki kabisa. Basi Jumamosi asubuhi nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikaingia Kariakoo kwa miguu.

Ukisema unatafuta laptopu maeneo ya mtaa wa Aggrey, winga wa kwanza, yaani dalali wa kuvutia wateja, anakupeleka kwenye Core i7. "Dada, hii Core i7, RAM 16, SSD 512, unataka nini tena?" Bei laki tisa. Nikaomba iwashwe, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua Performance, nikatazama orodha ya vifaa upande wa kushoto. Kulikuwa na GPU 0 peke yake, Intel UHD, yaani picha zinategemea prosesa tu, hakuna kadi ya picha ya pembeni. Hiyo ni laptopu ya ofisini. Kwa barua na mahesabu inatosha sana, ila gemu ninayoitaka inadai angalau kadi ya picha ya GTX 1050 Ti yenye memori ya GB 4 zake yenyewe. Na kadi ya picha ya laptopu kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao, hakuna fundi atakayekuja kukuongezea mwakani. RAM unaongeza. SSD, yaani hifadhi ya ndani, unaongeza. Ndiyo maana naumia nikiona mtu mwenye hela ya kudunduliza analipia SSD kubwa iliyokaa ndani ya mashine isiyo na kadi.

Duka nililonunua liko ghorofani, halina bango kubwa, na winga hakunipeleka, nilipanda mwenyewe. Nilikuta Acer Nitro 5 iliyotumika: Core i5, GTX 1650, RAM GB 8, SSD GB 256. Walianzia 1,400,000. Nilipoomba mfuniko wa chini ufunguliwe, kijana wa pale hakukunja uso. Alichukua bisibisi, akatoa skrubu moja moja akazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule wa mfuniko, kwa sababu zinatofautiana urefu. Ndani nikaona SSD moja, pembeni yake nafasi ya pili ya M.2, pa kuchomeka SSD nyingine, iko tupu, na nafasi moja ya RAM tupu pia. Hapo moyo ukatulia.

Nilikuwa nimebeba flashi yenye FurMark, programu ya kuikimbiza kadi ya picha kwa nguvu zote. Tukaiacha ikimbie dakika ishirini, joto la kadi likapanda hadi nyuzi 78 likaganda hapo. Feni ilivuma, na lazima ivume, Dar hii. Lingekuwa linapanda tu bila kusimama, au kioo kingeanza kutoa madoadoa ya rangi, ningeshuka ngazi. Nikageuza na chaja kusoma maandishi: wati 135. Hili wengi hawaliangalii. Ukipewa chaja dhaifu, mashine inaweza kuwaka vizuri tu dukani, ukifika nyumbani gemu inakwamakwama. Na umeme ukikatika ukabaki na betri, usitegemee kasi ile ile, maana betri haiipi kadi wati zote inazotaka.

Tukaafikiana 1,250,000, risiti ya EFD mkononi na waranti ya mwezi mmoja iliyoandikwa, siyo ya mdomo.

Sasa hifadhi. GB 256 kwenye Windows zinasomeka 238, na hapo hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Toa nafasi ya Windows yenyewe, toa GB 100 zinazodaiwa na EA FC 24, utaona kilichobaki ni kidogo.

Mwaka jana nilinunua diski ya nje ya TB 2 kwa 60,000 barabarani. Nikaweka humo video ya send-off ya dada yangu. Mwanzo wa sherehe unafunguka, dada anaingia ukumbini. Kuanzia pale baba anaposimama kutoa nasaha, hakuna kitu, faili zipo kwa majina tu. Nilipoipasua nikakuta kadi ndogo ya memori iliyobandikwa kwa gundi, pamoja na kipande cha chuma cha kuongezea uzito. Vitu hivi vinachakachuliwa viseme TB 2 wakati ndani kuna GB chache, na zikijaa, kinachoandikwa baadaye kinapotea. Programu ya H2testw ni ya bure: inajaza diski yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua muda mrefu, lakini ningeitumia mapema nisingekuwa na kilio hiki.

Kwa hiyo SSD ya ndani niliinunua duka lile lile, NVMe, aina yenye kasi zaidi, ya TB 1, kwa 190,000. Walikuwa nayo pia M.2 ya SATA, aina ya polepole zaidi, bei pungufu kwa 20,000. Kwa macho zinafanana. SATA mara nyingi ina mikato miwili kwenye meno, NVMe mmoja. SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu inafika karibu 3,500. Kwenye gemu nyingi tofauti ni sekunde chache tu, siwezi kukudanganya, na kama hiyo elfu ishirini ni nauli yako ya wiki chukua SATA, ilimradi umeuliza kwanza nafasi yako inakubali ipi.

Kijana akaichomeka, ikainuka upande mmoja kama ubao wa bembea. Skrubu ya kuishikilia haikuwepo, na mashine zilizotumika ndivyo zilivyo. Akashuka kwa fundi simu wa chini, akarudi na kopo la skrubu, tukachambua mpaka tukaipata, fupi kuliko punje ya mchele. Shilingi 500.

Walichonikera ni kusubiri: fundi ni mmoja, na kufika saa tano kulikuwa na watu sita mbele yangu. Nenda asubuhi wanapofungua. Hela iliyobaki, 59,500, inangoja RAM.