Mafuta ya mchaichai ya Ngamiani: nunua kilichopita kwenye bomba, marashi yaache

Duka lenyewe halina kibao. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kizamani kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga, na ukishafika mtaa wenyewe pua itakupeleka. Ndani kuna benchi, rafu moja ya chupa na mzee mwenye kofia ya kiua anayeuza mafuta ya mchaichai, mafuta ya karafuu, maji ya mchaichai, maji ya betri na marashi. Mimi natengeneza sabuni za kuuza, kwa hiyo mafuta ya harufu kwangu ni malighafi, na wauzaji wa mjini wameshanichezea vya kutosha. Ndiyo maana kabla ya kutoa hela niliomba kuona mtambo.

Uko uani. Pipa la chuma kisichoshika kutu limekaa juu ya mafiga, ndani lina wavu. Chini ya wavu maji, juu yake mchaichai uliokatwakatwa na kuachwa unyauke tangu jana yake. Mfuniko umezibwa pembezoni kwa unga uliokandwa, ukikauka unashika kama saruji. Juu linatoka bomba la shaba la kupitishia mvuke, linashuka likijizungusha ndani ya ngoma ya plastiki iliyojaa maji baridi, mdomo wake unatokezea chini kwenye chupa. Kilichotoka mwanzo kilikuwa maji yenye ukungu. Baada ya muda yakaanza kujitenga, na utando wa manjano ukaelea juu. Hayo ndiyo mafuta.

Karafuu inakwenda kinyume: mafuta yake ni mazito kuliko maji, kwa hiyo yanazama. Mzee ana chombo kingine cha kioo chenye koki chini kwa ajili hiyo tu. Nilipoona vyombo viwili nikajua huyu anaijua kazi. Eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ukiichemsha peke yake inataka nyuzi 254, joto la kuunguza kila kitu. Ikibebwa na mvuke wa maji inapanda chini kidogo ya nyuzi 100, haijaungua. Kule Pemba, kiwanda cha Wawi kinatoa mafuta kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa njia hiyohiyo ya mvuke, ila kwa ukubwa wa kiwanda.

Kila baada ya muda mzee alikuwa akichota maji ya ngoma na kumimina mengine.

"Shikamoo mzee. Mbona hayo maji unayabadilisha kila saa?"

"Marahaba mama. Yakipata moto, mvuke unapita mzima mzima bila kugeuka maji. Hapo nitauza nini? Nitakuwa nawafukizia majirani bure."

Kwa jua la Tanga, hiyo ni nusu ya kazi.

Sasa bei. Chupa ya mililita 30 ya mchaichai ni shilingi 15,000, na watu wanalalamika sana. Mimi silalamiki. Mchaichai mbichi hautoi hata asilimia moja ya uzito wake. Gunia la kilo 40 likikupa chupa nne tano za namna hiyo, shukuru Mungu. Weka kuni, weka maji, weka mtu wa kukaa na moto. Anayekuuzia chupa kama hiyo kwa elfu tatu anakuuzia mafuta ya alizeti yenye harufu.

Kupima ni rahisi. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe uliache. Mafuta halisi ya mvuke yanaruka, karatasi inabaki karibu safi. Yaliyochanganywa na mafuta ya kula yanaacha doa la mandazi. Ya mzee hayakuacha doa. Kwenye sabuni harufu yake ilidumu, na yale maji yaliyobaki chini ya mafuta, ambayo anayauza bei ya kutupa, nayatumia kuyeyushia magadi. Mbu, mafuta yanawafukuza kwa muda mfupi, basi, chandarua msikitoe.

Marashi ndiyo yaliyoniudhi. Wifi yangu aliyachukua kwa ajili ya maulidi, wakayatia kwenye mrashi, wakaanza kuwanyunyizia wageni. Kanzu nyeupe za watu zikapata madoa ya rangi ya waridi. Marashi ya kweli, yaani maji ya waridi yaliyopanda na mvuke, hayana rangi, kwa sababu rangi ya ua haipandi na mvuke; inabaki kwenye pipa pamoja na majani yaliyochemka. Ukiona marashi mekundu ujue yamekorogwa kwenye ndoo: maji, rangi, kiini cha dukani. Na hayo mawaridi yangetoka wapi? Huko Taif, Saudia, watu wana mashamba na mashamba ya hilo ua. Nilimuuliza mzee, akacheka, akasema marashi analetewa na mtu. Basi aandike hivyo kwenye chupa, asiyaweke rafu moja na kazi ya mikono yake.

Maji ya betri nayo nina wasiwasi nayo, ingawa wazo ni zuri. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo yaliyokenekwa, yaani yaliyopanda kama mvuke yakapozwa, ndiyo yanayofaa betri. Lakini pipa ni lilelile la mchaichai. Angekuwa na pipa la pili ningenunua; kwa betri yangu ya sola naendelea kuchukua yaliyofungwa dukani.

Mafundi wa mtaani walinong'ona kwamba anapika gongo. Siwalaumu, mtambo unafanana: pombe huchemka nyuzi 78, maji 100, anayepika anavuna ile inayotangulia. Mjumbe alikuja, akanusa, akaondoka na chupa ya mchaichai. Hata yale mafuta ghafi yatakayotoka Hoima kwa bomba la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa kwetu, siku yakifika kiwandani huko yanakopelekwa yatatenganishwa kwa kanuni hiyohiyo, petroli ikitangulia, dizeli ikifuata. Mzee nilipomwambia hivyo alifurahi kupita kiasi.

Chupa zake ni nyeupe, na mwanga unaharibu mafuta; mbebee ya kahawia, ile ya dawa ya kifua iliyooshwa na kukauka. Lebo ya karafuu inasema inatibu "magonjwa yote". Haitibu. Jino linalouma inalituliza, na madaktari wa meno mpaka leo wanachanganya eugenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, lakini mtoto akiyanywa yanaweza kumharibu ini, kwa hiyo yawekeni juu kabatini. Ijumaa anafunga kabla ya adhuhuri na hafungui tena mpaka alasiri. Karafuu agiza mapema, haweki nyingi, na usikubali chupa aliyokwishaijaza: mwambie akumiminie mbele yako kutoka kwenye kile chombo chenye koki.