Alpha III ya Estes na OpenRocket: kwa mzazi ambaye mtoto kapewa project ya roketi shuleni

Kwa wenye haraka: boksi la Alpha III la Estes (karoketi ka kuunganisha, Estes ndo kampuni) ni zuri, nunueni tu, ila kama mtoto kapewa project yenye maksi afu mkaishia kuunganisha hilo boksi, hapo mmebandika, hamjafanya sayansi. Project inaanza pale anapofungua OpenRocket, programu ya kompyuta ya kubuni roketi, na kuchora roketi yake mwenyewe. Hayo ndo maoni yangu, maelezo yanafuata na ni marefu kidogo, nivumilieni.

Sisi tuko Texas, binti yangu yuko gredi ya saba, na mwalimu wao wa sayansi kawaambia wabuni roketi ndogo, waijenge, waijaribu, afu waandike ripoti. Wazazi wenzangu wa Kitanzania maswali yakawa mengi, kuna waliosikia neno baruti wakataka kumtoa mtoto kwenye project kabisa. Jamani, hii hobi Marekani ni ya tangu miaka ya 50. Enzi hizo za Sputnik, ile satelaiti ya kwanza ya Warusi, vijana walikuwa wanachanganya mafuta ya roketi wenyewe majumbani, wanaungua, wengine wanapoteza vidole. Mwenye duka la viatu mmoja wa Nebraska, Orville Carlisle, alikuwa ameshatengeneza mwaka 1954 karoketi kepesi kenye injini ya kubadilisha na parashuti, mhandisi Harry Stine akaona hii ndo dawa ya hao vijana, na mwaka 1958 Vernon Estes akaunda mashine ya kutengeneza injini kwa wingi kule Colorado, mashine yenyewe akaipa jina la Mabel. Kwa hiyo mtoto hachanganyi chochote. Injini inakuja tayari, ni mrija wa karatasi ngumu wenye baruti iliyoshindiliwa na mdomo wa udongo, inawaka mara moja, kwisha, unatupa. Ukimkuta mtoto wako anaangalia video za kupika mafuta ya roketi kwa sukari, hiyo mnyang'anye simu kabisa.

Sasa boksi. Nilichukua ile seti yenye roketi, stendi ya kurushia na kiwashio cha betri. Bei haifiki ya raba nzuri za mtoto. Soma boksi vizuri kabla hujalipa maana injini mara nyingi hazimo, zinauzwa pembeni kwenye pakiti, pamoja na zile karatasi zisizoshika moto unazozijaza chini ya parashuti ili isiungue. Alpha III ina urefu wa kama sentimita 31, unene sentimita 2 na nusu hivi, uzito wa gramu 30 na kitu bila injini. Pua ya plastiki, mwili wa karatasi ngumu, na mapezi ya plastiki ambayo yote matatu yameungana kipande kimoja. Gundi kidogo, jioni moja imeisha, binti alifanya yeye mi nikiwa napika.

Na hapo hapo ndo shida yangu nayo inapoanzia. Hayo mapezi ya kipande kimoja ni raha kwa mtoto wa miaka kumi anayetaka kurusha Jumamosi, yako sawa kabisa, hayapindi, roketi inaruka imenyooka mara ya kwanza. Lakini kwa project yamemmalizia kazi yote. Pezi ndo moyo wa kubuni roketi, umbo lake, ukubwa, idadi, yanakaa umbali gani kutoka mkiani, sasa kama yamekuja yameshaamuliwa kiwandani mtoto ataandika nini kwenye ripoti? Ndo maana mwenye kuweza kutulia namshauri achukue Alpha ya kawaida, ile isiyo na namba, kampuni hiyo hiyo, mapezi yake ni mbao ya balsa, unapiga msasa, unabandika moja moja, na mtoto akiweka pezi limepinda ataliona likimzungushia roketi angani. Hiyo ni elimu. Na kwa mwalimu ipo ya maboksi makubwa ya roketi 12 kwa darasa, inakuwa nafuu zaidi kuliko kila mzazi kununua yake.

Injini sasa, hapa msome polepole. Kwenye injini kuna maandishi kama A8-3 au C6-5. Herufi ni nguvu yote kwa ujumla, na kila herufi ikipanda nguvu inakuwa mara mbili, yaani A inaishia nyutoni-sekunde 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10. Namba ya katikati ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya baruti ya kusukuma kuisha, roketi bado inapanda yenyewe huku inatoa moshi, afu ndo kinalipuka kimlipuko kidogo kwa mbele kinachosukuma pua itoke na parashuti ifunguke. Sasa kuna muuzaji mmoja, jina naliacha, alitaka kutuuzia B6-0 kwa hii Alpha, ati zote ni B6. Hapana bwana. Hiyo sifuri maana yake haina huo mlipuko wa parashuti, ni ya hatua ya chini kwenye roketi za hatua mbili. Ukiiweka kwenye Alpha inapanda vizuri afu inarudi ardhini kichwa chini na mwendo wake. Anzeni na A8-3, baadaye B6-4.

C6-5 inatajwa kwenye boksi na ndo inayoleta ile picha ya mita zaidi ya 300, watoto wote wanaitaka. Mi naona kwa uwanja wa shule muiache. Kanuni za usalama za chama cha roketi ndogo cha hapa, NAR, zinataka eneo la kurushia liwe na upana wa angalau mita 30 kwa A, mita 60 kwa B, na mita 120 kwa C, na uwanja wa mpira wenyewe urefu wake ni mita mia na kitu tu na upana ndo mdogo zaidi. Upepo ukiwepo kidogo mnaisindikiza roketi kwa macho inavyoenda kwenye mapaa ya watu. Kanuni nyingine ni rahisi, simama mita 5 nyuma (waya wa kiwashio unafika huko), hesabu kurudi nyuma kwa sauti wote wasikie, na ikigoma kuwaka chomoa ufunguo wa usalama, subiri dakika nzima ndo usogee. Kugoma itagoma tu, mara nyingi ni kale kawaya ka kuwashia hakajagusa baruti vizuri, au betri zimechoka.

Haya, OpenRocket. Hii ndo nyota tano bila kufikiria, na ni ya bure. Ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya kijana wa Kifini, Sampo Niskanen, Helsinki mwaka 2009, tangu hapo watu wanaiendeleza kwa kujitolea. Unadaunlodi, unaingiza kwenye laptopu, baada ya hapo haihitaji intaneti. Unachora roketi kwa kuongeza kipande kimoja kimoja, pua, mrija, mapezi, parashuti, unachagua injini kwenye orodha ambayo za Estes zote zimo, na yenyewe inakuonyesha pembeni itapanda mita ngapi na kwa mwendo gani.

Kitu kilichomfungua macho binti yangu ni vile viduara viwili kwenye mchoro. Cha bluu ni kitovu cha uzito, pale ambapo ukiibeba roketi kwa kidole inakaa sawa. Chekundu ni pale ambapo msukumo wote wa hewa ni kama unakutana. Cha bluu lazima kiwe mbele kuelekea puani na chekundu nyuma, na umbali kati yao uwe angalau sawa na unene mmoja wa roketi. Vikikaribiana roketi inapinduka hewani, inakuwa kama fataki iliyochanganyikiwa. Sasa ye akawa anapunguza mapezi kwenye kompyuta anaona chekundu kinatembea kwenda mbele, anaongeza udongo wa kuchezea ndani ya pua anaona cha bluu nacho kinakimbilia mbele, alikaa hapo mpaka saa ya kulala ikapita. Mi nimesoma fizikia mpaka form six, hiyo habari niliikariri tu ubaoni. Na ukizidisha nayo mbaya, mapezi makubwa mno yanafanya roketi igeukie upepo unakotoka badala ya kwenda juu, programu inakuonyesha na hiyo pia ukiiwekea upepo.

Ukimaliza inachapisha umbo la pezi kwa saizi yake halisi, unakata karatasi, unaweka juu ya balsa, unakata kwa kisu (mzazi awe karibu, kile kisu sio mchezo). Angalieni tu printa isije ikapunguza ukubwa wa ukurasa, pimeni kwa rula. Kabla ya kurusha kuna jaribio la zamani ambalo hata kompyuta isiwafanye mliruke: weka injini na kila kitu ndani, funga kamba pale kwenye kitovu cha uzito, izungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua iko salama, ikienda ubavu au mkia mbele rudini mezani.

Project ya binti ikawa hivi, mrija mmoja, pua moja, injini A8-3 zote, ila moja ina mapezi matatu na nyingine manne ya umbo hilo hilo. Urefu tulipima kwa protrakta, uzi na nati. Unasimama mbali na stendi kwa umbali unaoujua, unafuata roketi mpaka pale juu kabisa, unasoma pembe, urefu ni umbali mara tan ya hiyo pembe, afu unajumlisha kimo cha macho yako. Ukisimama mita 100 na pembe ikawa digrii 45 basi ni mita 100 kamili juu ya macho. Wekeni watu wawili pande mbili maana upepo unaibeba roketi na mmoja peke yake anadanganywa. Ya mapezi matatu ilipanda juu zaidi karibu kila mara, ya manne ni nzito zaidi na inakwaruzana na hewa zaidi, kama programu ilivyosema. Ila zote mbili zilibaki chini ya namba za OpenRocket, ambazo zilikuwa kama mita mia hivi, na hapo ndo ripoti ikanoga, kwa sababu ilibidi aeleze kwa nini. Gundi ina uzito, rangi ina uzito, kingo za balsa hazikuwa laini kama kompyuta inavyodhani. Tulivyoipima roketi kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito wa kweli ndani ya programu namba zikasogeleana. Mwalimu alipenda hiyo sehemu kuliko zote.

Malalamiko yangu kwa OpenRocket: haiko kwa ajili ya simu, na menyu zake ni nyingi mno kwa mtoto, mara ya kwanza kaa naye. Kiswahili hakimo kwenye lugha zake. Na inachora roketi ambazo huwezi kuzijenga, mtoto atakuletea pezi jembamba kama wembe akwambie linapanda mita 50 zaidi, we mwambie alikate uone.

Kwa Alpha zote, parashuti ya plastiki ikikaa imekunjwa wiki nzima inagandana, hasa asubuhi ya baridi, ipakeni poda ya mtoto na ikunjeni pale pale uwanjani.

Kuna walioniuliza kuhusu kupeleka Bongo. Injini hizi hazipandi ndege, sio begi la mkononi sio la chini, zinahesabika milipuko, usimtie ndugu yako kwenye matatizo uwanja wa ndege kwa zawadi ya mpwa. Roketi tupu na stendi hazina shida, lakini bila injini zinabaki pambo. Kwa watoto wa nyumbani ningeanza na roketi ya maji, chupa ya soda ya plastiki, maji theluthi moja, kizibo chenye valvu na pampu ya baiskeli, na hapo bado kuna mapezi, uzito wa pua, protrakta na tan vile vile. OpenRocket haina chupa ya soda kwenye orodha yake ya injini, kwa hiyo urefu haitawapa, ila vile viduara viwili inavichora, na hivyo ndo mtoto anavihitaji.