Tripodi ya safari kwa upepo wa Mtwara: ipi ununue kwanza

Huku kwetu ukisema "stendi" watu wanaelewa mabasi, kwa hiyo stendi ya kamera ya miguu mitatu nitaiita tripodi na tuendelee. Swali la vijana wanaopiga picha Mtwara na Lindi ni lile lile: nichukue ipi nyepesi, isiyonisumbua kwenye bodaboda, na isiyonidondoshea kamera? Ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa watu wanaosimamisha kamera kwenye lami. Sisi tuna mchanga wa Msimbati, chumvi ya bahari na kusi inayokaza katikati ya mwaka. Hayo matatu ndiyo yaliyopanga orodha yangu. Urefu na uzuri vilisubiri nyuma.

Ya kwanza: ya aluminiamu, kilo moja na nusu hivi

Mfano mzuri ni Manfrotto Befree Advanced. Ina uzito wa kilo 1.49, ikikunjwa ni sentimita 40, ikisimama inafika sentimita 150, na watengenezaji wanasema inabeba kilo 8. Miguu inageuzwa kwenda juu mpaka ikumbatie kichwa, pale kamera inapofungwa, ndiyo maana inaingia kwenye begi la mgongoni bila kutokeza kama mpini wa jembe. Si lazima iwe hiyo hiyo. Benro na Sirui nao wanazo za umbo hili, na ukipata iliyotumika ikiwa nzima, chukua.

Kuhusu hizo kilo 8, zisikuleweshe. Ni uzito ambao kichwa na miguu vinaustahimili pasipo upepo. Kanuni yangu ni kugawa kwa tatu. Kamera yangu na lenzi vinakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo tripodi iliyoandikwa chini ya kilo 5 siitazami mara mbili.

Kwa nini aluminiamu iwe juu ya kaboni, yaani zile nyepesi za nyuzi za kaboni? Kwanza bei. Pili, na hili watu hulisahau, upepo ukivuma, wepesi wa tripodi ni adui. Tripodi nyepesi mno inatetemeka kama bendera, na utajikuta unaning'iniza mzigo ili kuirudishia uzito ule ule uliolipia pesa nyingi kuuondoa. Mimi hutumia chupa mbili za maji za lita moja na nusu ndani ya mfuko, nikazifunga chini ya nguzo ya katikati. Hizo ni kilo tatu, na kiu ikibana unakunywa. Mfuko uguse ardhi kidogo, maana ukiachwa uning'inie utabembea na upepo na kuitikisa kamera yenyewe.

Angalia pia namna miguu inavyofungwa. Kuna makomeo ya kubana kwa kidole na kuna ya kusokota. Ya kusokota ni membamba na hayanasi nguo, lakini mchanga ukiingia unasikia sauti ya kusaga, krr krr, kama kinu kibovu, na baada ya hapo mguu hautoki wala hauingii. Ya kubana unayapangusa kwa brashi ya mswaki wa zamani na safari inaendelea. Kwa pwani yetu nachagua ya kubana. Mpiga picha wa harusi za ukumbini anaweza kuchagua vingine, na sitabishana naye.

Ya pili: ile ya miguu ya kupinda

Joby GorillaPod 3K ni mlolongo wa viungo unavyoweza kuvizungusha kwenye tawi la mkorosho, nguzo ya veranda au mpini wa bajaji iliyosimama. Inabeba kilo 3 na urefu wake ni kama sentimita 30. Kwa anayetembea na simu au kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), hii huenda ikamtosha kabisa.

Onyo moja: usiifunge kwenye mashua ukidhani utapata picha tulivu ya shata ndefu, ile inayoachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Mashua yenyewe inayumba. Ukivuka kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda au kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, iache begini, shika kamera kwa mikono na uongeze spidi ya shata.

Ya tatu: kaboni, kama mfuko unaruhusu

Peak Design Travel Tripod ya kaboni ina kilo 1.27, na ikikunjwa haiachi nafasi tupu kati ya miguu, kwa hiyo inakaa pembeni mwa begi kama chupa ya maji. Ndani ya nguzo yake kuna kishikio cha simu kilichofichwa, ufundi ninaoukubali bila ubishi. Ilipozinduliwa mwaka 2019 ya kaboni ilitajwa karibu dola 600. Kwa pesa hiyo wengi wetu tunanunua lenzi. Ila kama kazi yako ni kutembea, mfano kushinda kutwa nzima kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au kuzunguka kingo za Shimo la Mungu kule Newala, bega litakushukuru. Kabla ya kuvuka kwenda Kisiwani chukua kwanza kibali Kilwa Masoko, na uliza kabisa kuhusu tripodi.

Ya nne: ya mezani

Manfrotto PIXI, gramu 190, inabeba kilo moja. Inaingia mfukoni. Iweke juu ya baraza ya mawe pale Mikindani na una msingi imara kuliko tripodi yoyote niliyotaja hapo juu. Tatizo ni kwamba unategemea baraza la mtu, basi piga hodi kwanza.

Ya mwisho: zile za bei ya chini kabisa

Unazijua. Miguu ya mikato miraba, kichwa cha plastiki, mkono mmoja mrefu wa kuzungushia. Kwa simu, ndani ya nyumba, hazina neno. Ya kwangu niliagiza kutoka duka moja la Dar ikaja na basi, na jioni ya kwanza Msimbati nikaifungia kamera kubwa. Niligeuka kuchukua kitambaa. Nikasikia "tak", plastiki chini ya kamera imepasuka, na kamera inainamia maji taratibu kama mzee anayesinzia. Bahati nilikuwa nimezungusha mkanda mkononi. Tangu siku hiyo nikiwa dukani natoa miguu yote, naweka kiganja juu na kukandamiza huku nasokota. Muuzaji akisema "kaka, utaivunja," namshukuru na kuirudisha.

Ukishanunua, kwenye mchanga wenye maji anza kutoa kipande cha chini kabisa, kile chembamba, ili makomeo yabaki juu. Mguu ukizama, weka kifuu cha nazi chini ya kila mmoja. Vifuu vitatu havina gharama na picha ya sekunde 20 inatoka safi. Nguzo ya katikati usiipandishe upepo ukivuma, na kama kamera au lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime, kisha tumia taima ya sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole. Ukirudi nyumbani, suuza miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe ikiwa wazi. Kaboni haishiki kutu, lakini skrubu zake zinashika.

Kuna jambo moja ambalo hakuna boksi litakuandikia. Tripodi ina miguu mitatu, na watu hapa wanavijua vifaa vya miguu mitatu vya wapima barabara. Jioni moja nilikuwa nimesimamisha yangu barabarani Mikindani, mbele ya Boma lile la Wajerumani la mwaka 1895, nikisubiri mwanga ulainike. Mzee mmoja akaja, nikamwamkia, akaitikia "marahaba" huku macho yako kwenye kamera. Akauliza kwa upole:

"Mjukuu wangu, safari hii mnabomoa mpaka wapi?"

Nilimwonyesha kioo cha kamera, ghuba ikiwa imejaa na ngalawa mbili zimetulia. Alitazama muda mrefu, kisha akaniambia nisogee kushoto kidogo, nguzo ya umeme inaharibu.